Asante si jibu

Mzee yule alisimama kabla hajapewa kipaza sauti.

Sisi wengine tulikuwa tumeinama, kila mtu na kadi yake ya njano na kalamu nene, tunaandika haraka kwa sababu tulikuwa tumepewa dakika tano. Swali lilikuwa ubaoni kwa lugha mbili, Kifaransa juu, Kijerumani chini: ushirikiano wa kuvuka mpaka uweje baada ya 2027? Ilikuwa jioni ya vuli, mwaka 2024, katika ukumbi mmoja upande wa Strasbourg, si mbali na mto Rhine, unaotenganisha Ufaransa na Ujerumani. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, bado nina viatu vya kazini.

Mzee akafungua mkoba wake wa ngozi. Akatoa karatasi zilizokunjwa mara mbili, zimelegea kwenye mikunjo kama noti ya zamani. Akasema, "Mwaka 2015 niliulizwa swali kama hili. Haya hapa ndiyo majibu niliyotuma. Nimekuja kuuliza yamefika wapi."

Ukumbi ulinyamaza.

Binti aliyekuwa akiongoza kikao alimshukuru kwa upole kabisa. Akamwomba aandike hoja yake kwenye kadi. Mzee akakaa, akaandika. Kadi ikabandikwa ubaoni karibu na zetu, na kikao kikaendelea.

Nilidhani nimesahau. Wiki hizi za karibuni nimegundua sikusahau hata kidogo.

Maneno mawili

Kwenye kadi yangu niliandika: cheti changu.

Naishi Strasbourg, nafanya kazi Kehl, ng'ambo ya mto, katika nyumba ya kutunzia wazee. Asubuhi napanda tramu ya mstari D. Inapanda daraja, inateremka Ujerumani, na chai niliyoibeba kwenye chupa bado haijapoa. Tramu hii imekuwa ikivuka tangu Aprili 2017. Kwa mtu aliyekulia Tanga, ambaye mpaka kwake ni Horohoro, foleni, mihuri na jua la saa saba, hili ni jambo ambalo hata leo linanigusa kifuani kila mara magurudumu yanapoanza kulia juu ya chuma cha daraja.

Lakini cheti changu hakikuvuka na tramu.

Nilisomea uuguzi msaidizi Ufaransa. Nilipoomba kazi Kehl nikaambiwa cheti hicho lazima kitambuliwe kwanza. Wauguzi kamili wana bahati: tangu 2005 Umoja wa Ulaya una sheria inayofanya vyeti vyao vitambulike moja kwa moja kutoka nchi hadi nchi. Sisi wasaidizi hatumo katika mlango huo. Kila jimbo la Ujerumani lilikuwa na mafunzo yake kwa kazi yetu, kwa hiyo karatasi zangu zilipelekwa kwa mfasiri aliyeapishwa, zikalinganishwa somo kwa somo, saa kwa saa. Miezi ikapita. Muda wote huo nilifanya kazi ileile, nawaogesha na kuwalisha wazee walewale, kwa mshahara wa mtu asiyesoma. Mikono yangu ilikuwa na cheti upande wa magharibi wa mto, na upande wa mashariki haikuwa nacho.

Haya hayaingii kwenye kadi ya njano. Kwa hiyo niliandika maneno mawili.

Simu ya Jumapili

Jumapili iliyofuata nilimpigia mama. Baada ya shikamoo na habari za majirani, nikamsimulia kikao. Mama alifanya biashara ya khanga na vyombo kati ya Tanga na Lunga Lunga kwa miaka mingi, na habari yoyote ya mpaka humfanya akae vizuri kitini. Nilisikia kiti kikilia.

"Wamekuuliza, na wewe umesemaje?"

"Nimewaambia habari ya cheti, mama."

"Na wao wamesemaje?"

"Wamesema asante."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, asante si jibu."

Kisha akahamia habari ya bei ya mchele. Mimi nilibaki palepale.

Mdau ni nani

Nyumbani tunalijua sana neno mdau. Kikao cha wadau, semina ya wadau, maoni ya wadau. Limetumika hadi tumeacha kulisikiliza. Lakini nikiwa kwenye tramu jioni ile nilianza kulivunja kama mtoto anayevunja ukwaju: ndani yake kuna dau. Dau ni kile unachoweka mezani kabla mchezo haujaanza. Ukishindwa, kinaondoka. Mdau, basi, ni yule atakayepoteza kitu.

Nikaanza kuwapitia kichwani watu waliokuwa ukumbini. Walikuwepo maofisa wa halmashauri za pande zote mbili. Walikuwepo watu wa vyuo vikuu. Walikuwepo waandishi wa miradi, wale wanaojua kila kifungu cha mfuko wa Interreg, mfuko wa Umoja wa Ulaya wa ushirikiano wa mipakani na mikoani ulioanza mwaka 1990, ambao programu yake ndiyo iliyotuita kikaoni. Siwasemi vibaya. Wengi wao wameifanya kazi hii kwa mapenzi ya kweli, na matunda yake nayaona: kuna kituo cha kulelea watoto wachanga upande wa Strasbourg kilichofunguliwa 2014, watoto wa Kifaransa na wa Kijerumani wanalala chumba kimoja na kuimbiwa kwa lugha zote mbili. Kuna boti ya zimamoto inayohudumia kingo zote mbili za mto. Vitu hivi havikuanguka kutoka mbinguni, watu walikaa vikao vingi vya kuchosha ili viwepo.

Ila dereva wa lori hakuwepo. Fundi anayeishi Kehl na mteja wake yuko Strasbourg hakuwepo. Mama anayefanya usafi hoteli mbili, moja kila upande, hakuwepo, maana saa ile ndiyo saa yake ya kazi. Mimi nilikuwepo kwa sababu mwenzangu alinibadilishia zamu.

Na hapa lazima niseme lililonisumbua zaidi ya yote. Nilipoingia ukumbini nilijiuliza kama mimi mwenyewe ni mdau. Nina pasi ya Ufaransa, nalipa kodi, navuka daraja mara kumi kwa wiki. Lakini Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na tangu wakati huo polisi wakiingia ndani ya tramu huwa najua, kabla hawajafungua mdomo, wataanza na nani. Natoa pasi. Wanaangalia. Wanarudisha. Abiria wengine wanatazama dirishani kwa heshima. Mtu akizoeshwa hivyo, hata akialikwa kutoa maoni anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango.

Nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango.

Mzee yule alikaa mbele. Nadhani ndiyo maana alinishika. Alikuwa mtu asiye na shaka kwamba anadai kitu chake.

Treni ya Colmar

Tulikutana kituo cha tramu baada ya kikao. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa udadisi, nikamuuliza mwaka ule wa 2015 aliandika nini.

"Treni," alisema.

Zamani treni ilitoka Colmar, upande wa Ufaransa, ikavuka Rhine pale Breisach, ikafika Freiburg, Ujerumani. Baba yake aliipanda. Daraja la reli likabomolewa vitani, la mwisho lilianguka 1945, halikujengwa tena. Leo reli ya Wajerumani inafika Breisach inakomea hapo. Anayetaka kuendelea anapanda basi. Miji miwili mikubwa yenye kilomita hamsini hivi kati yao, na pengo katikati ambalo lina umri mkubwa kuliko mzee mwenyewe.

Aliniambia kwamba mwaka 2019 alifurahi sana. Ufaransa na Ujerumani zilitia saini mkataba wa Aachen mwezi Januari, na reli ya Colmar hadi Freiburg ikatajwa kwa jina katika orodha ya miradi ya kupewa kipaumbele. Alidhani karatasi yake imefika. "Tangu hapo wanafanya upembuzi," alisema. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayehesabu miaka aliyobaki nayo na miaka inayohitajika kujenga daraja, na hesabu haikubali.

Tramu yake ilikuja. Alipanda akiwa ameukumbatia mkoba.

Miaka kumi ya jibu moja

Mimi si mtu wa sheria. Lakini nilianza kusoma usiku, kwa ukaidi, kwa sababu nilitaka kujua kama karatasi za 2015 kweli zilikwenda kapuni. Nilitaka kujua ili niamue kama kadi yangu ina maana.

Nilichokikuta hakikuwa nilichotarajia.

Kati ya Septemba na Desemba 2015 Tume ya Ulaya iliwauliza watu wa mipakani, kwa karibu lugha zote rasmi za Umoja, nini kinawakwaza. Majibu zaidi ya 600 yalirudi. Kikwazo kilichotajwa zaidi kilikuwa sheria na makaratasi, kisha lugha, kisha usafiri. Yaani cheti changu na treni ya mzee vilikuwa tayari vimeandikwa na watu wengine, miaka tisa kabla ya kikao chetu. Mwaka 2017 Tume ikatoa waraka unaojengwa juu ya majibu yale. Mwaka 2018 ikapendekeza sheria: mikoa miwili inayopakana iweze kukubaliana kwamba kwa jambo fulani tu, kwa mfano njia ya tramu, kanuni za upande mmoja zitumike pia upande wa pili. Wazo lenyewe lilikuwa limeletwa na Luxembourg mwaka 2015. Nchi yenye eneo dogo kama wilaya moja ya kwetu lazima iwe na mawazo juu ya mipaka, maana ukitembea kidogo tu umeshaufikia.

Halafu sheria ikakwama. Serikali nyingi hazikutaka kanuni ya jirani iingie nyumbani kwao, na naelewa. Mwaka 2023 Bunge la Ulaya liliifufua, Tume ikaileta upya ikiwa imepunguzwa makali, na mwezi Mei 2025 ikapita.

Miaka kumi tangu swali hadi sheria.

Nilivyoielewa, sasa nchi ikiamua inaweza kuanzisha ofisi ya uratibu wa mpakani. Mtu au taasisi inayokwama inapeleka faili lake pale. Ofisi inalipokea, inalipima, na inapaswa kumrudia aliyelipeleka na kumwambia kitakachofanyika, au kwamba hakuna kitakachofanyika na kwa nini. Serikali hailazimiki kuondoa kikwazo. Hailazimiki hata kuanzisha ofisi. Wengi wameiita sheria dhaifu, na kwa upande wa nguvu wako sahihi.

Lakini niliposoma sehemu ile ya kumrudia aliyeuliza, nilisimama jikoni nikaisoma tena kwa sauti.

Kwa sababu hilo ndilo alilosema mama. Mzee yule hakudai treni usiku ule. Alidai kuambiwa. Hata "hapana, haitajengwa, kwa sababu hizi" ingemruhusu azitoe zile karatasi mkobani.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipogeuka, na nakiri ulinichukua muda. Nilikuwa nimeanza kuandika makala hii nikiwa na hasira kwamba mashauriano ni maigizo. Siwezi tena kusema hivyo kwa moyo safi. Majibu ya 2015 hayakwenda kapuni. Yalitembea, polepole mno, yakazaa kitu. Kilichokosekana ni mtu wa kumwandikia mzee yule barua moja kwa mwaka: tumefika hapa, tumekwama hapa, fulani amekataa. Maoni yake yalifika Brussels na yeye hakujua. Alibaki nyuma kwenye kituo na karatasi mkononi.

Sijui kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi. Nimelifikiria kwa wiki tatu, ninapokunja mashuka, na bado nayumba.

Mpaka hauna mji mkuu

Hofu yangu ya sasa ni nyingine.

Tarehe 16 Julai 2025 Tume ilitangaza mapendekezo ya bajeti ya miaka 2028 hadi 2034, yaani ile "baada ya 2027" ya swali letu. Mifuko mingi iliyokuwa ikisimama yenyewe, ya kilimo, ya mikoa, ya uvuvi, imependekezwa iunganishwe katika mpango mmoja kwa kila nchi, fungu la jumla likiwa euro bilioni 865. Serikali ya kila nchi itakaa na Tume, wataandika mpango, fedha zitatoka kadiri malengo yanavyotimizwa. Interreg imeachiwa sura yake, kiasi cha euro bilioni 10. Watu wa mipakani walivuta pumzi waliposikia haikufutwa. Majadiliano yanaendelea, na Kamati ya Mikoa ya Ulaya, chombo cha wawakilishi wa mikoa na miji, imepinga kwa sauti kubwa huo mtindo wa mpango mmoja wa taifa.

Mimi naungana na wanaopinga, na sababu yangu naiona dirishani kila asubuhi.

Mikoa ya mpakani ndani ya Umoja wa Ulaya ni asilimia 40 ya eneo lake, na karibu theluthi moja ya watu wake, milioni 150, wanaishi humo. Ni watu wengi kuliko nchi yoyote mwanachama. Lakini ukiwaita kwa mataifa yao, kila mmoja yuko pembeni. Kutoka Paris, Strasbourg ni mwisho wa ramani. Kutoka Berlin, Kehl ni mwisho wa ramani. Mpango ukiandikwa Paris na mwingine ukaandikwa Berlin, daraja langu litakuwa ukingoni mwa karatasi zote mbili. Nani ataamka asubuhi akiwaza habari ya daraja?

Tulishaonjeshwa. Machi 2020, Korona ilipoingia, maamuzi yalitoka kwenye miji mikuu, na usiku mmoja mpaka wetu ukafungwa. Tramu haikuvuka. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioruhusiwa kwa sababu ya kazi, nikiwa na barua ya mwajiri iliyokunjwa mfukoni. Nilipita kwa miguu darajani, peke yangu, na nilisikia maji ya Rhine kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa. Nilikuwa na wagonjwa upande mmoja na mtoto upande mwingine. Ukaguzi ule ulidumu hadi katikati ya Juni. Huko Gorizia na Nova Gorica, kati ya Italia na Slovenia, uzio ulirudishwa katikati ya uwanja uleule ambao waliung'olea uzio wa zamani mwaka 2004. Wanaojua historia ya uwanja ule walilia, na si kwa sababu ya ugonjwa.

Walioamua hawakuwa watu wabaya. Walikuwa mbali.

Mstari wa mto Umba

Nikiwa hapa Ulaya watu huniuliza kwa nini mtu wa Tanga ajali habari hizi kiasi hiki. Huwa nashindwa kuanza wapi.

Mpaka wa kwetu ulichorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886. Walianzia mlango wa mto Umba, wakavuta mstari kuelekea ziwa Jipe. Nyumba za Wadigo zikabaki huku na huku, makaburi huku na harusi kule. Hakuna aliyeulizwa. Bibi yangu alikuwa na ndugu Vanga, na alipokwenda kuwasalimu hakusema anakwenda Kenya. Alisema anakwenda Vanga.

Na Strasbourg hii ninayoishi ilibadilishwa nchi mara nne kati ya 1871 na 1944. Kehl ilikaa mikononi mwa Wafaransa baada ya vita hadi 1953, wenyeji wake wakiwa wamehamishwa. Ninao wazee pale kazini waliorudi wakiwa watoto wadogo. Mmoja hunisimulia jinsi walivyokuta kitanda chao si chao. Nikimvalisha soksi asubuhi, mimi mjukuu wa mto Umba na yeye mtoto wa mto Rhine, huwa naona hatuhitaji kuelezana sana.

Kuna kumbukumbu nyingine. Mwaka 2006 na 2007, nikiwa bado Tanga, kamati za kitaifa zilizunguka Tanzania, Kenya na Uganda kuuliza wananchi: tuharakishe shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki? Nakumbuka mabishano ya barazani, redio imewashwa, kahawa inamiminwa. Watanzania wengi walisema ushirikiano tunautaka, haraka hatuitaki. Agosti 2007 wakuu wa nchi walikutana Arusha wakakubali kwenda hatua kwa hatua. Wapo waliohuzunika, na mama yangu alikuwa mmoja wao, maana alitaka mpaka uondoke kesho yake. Lakini hata yeye alisema: angalau tuliulizwa, na tulisikia wamesema nini.

Siko hapa kuisifu Jumuiya yetu kuliko wao. Kituo cha pamoja cha Horohoro na Lunga Lunga nacho kilikuja baada ya mama kuchoka na biashara. Nataka tu kusema kwamba nimewahi kuona swali likizunguka likarudi na jibu, na jibu likatangazwa kwa lugha ya soko. Najua linawezekana.

Ukurasa wa viambatisho

Wiki iliyopita nilipata ripoti ya kikao chetu.

Haikutumwa kwangu. Niliitafuta kwa saa mbili. Ni ripoti ndefu, imeandikwa kwa uangalifu, na nawapongeza waliofanya kazi ile, maana kusoma kadi za watu wenye mwandiko wa haraka si mchezo. Mwishoni, kwenye viambatisho, kuna jedwali la hoja zote. Nilipitisha kidole kwenye skrini mstari kwa mstari.

Ipo. "Kutambuliwa kwa vyeti vya taaluma ya uuguzi." Mistari miwili chini yake: "Usafiri wa reli Colmar–Freiburg."

Upande wa kulia wa jedwali kuna safu inayoonyesha hoja imepelekwa ngazi gani. Kwangu wameandika: nje ya uwezo wa programu, ipelekwe ngazi ya kitaifa. Kwa mzee, vilevile.

Nilikaa nikiitazama. Ni kweli. Interreg haiwezi kubadilisha sheria ya uuguzi ya jimbo la Ujerumani, wala fedha zake haziwezi kujenga daraja la reli. Wamesema ukweli na wameuandika. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameniambia kitu zaidi ya asante. Swali linalofuata ni nani wa ngazi ya kitaifa, na aliipokea lini. Ofisi ile ya uratibu, ikianzishwa upande wetu, ndipo nitakapopeleka faili langu. Nimeshaanza kuliandaa: cheti, tafsiri, barua za kusubirishwa, hati za mshahara za miezi ile.

Cheti changu kilishatambuliwa siku nyingi. Lakini mwezi huu amekuja binti mmoja kazini kwetu, amesoma shule ileile niliyosoma mimi, anaanza safari ileile. Jana nilimwona kwenye chumba cha mapumziko akilinganisha karatasi zake na orodha ya mahitaji, midomo inatembea kimya. Nikavuta kiti nikakaa naye.

Mzee wa treni sina namba yake. Huwa namtafuta kwa macho kituoni.

Nimechapisha ukurasa ule wa viambatisho nakala mbili. Yangu nimeikunja mara mbili nikaiweka kwenye mkoba wa kazini. Ya mzee iko nyuma ya yangu, haijakunjwa.

Mama nilimsomea yote kwa simu, na safu ya kulia pia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," alisema. "Sasa umejua mlango. Kesho uko zamu gani?"